Meno Hayajaingia

Gari lilikuwa la Mzee Spana kabla ya kuwa la binti yake, na katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo la kusemwa kwa uangalifu. Yeye ndiye aliyelinunua likiwa mfu, akalifufua kwa mikono yake, akalipitisha kwenye matope na mawe ambako magari mengine yalipiga honi na kugeuza. Kisha kiuno kikamshinda. Daktari akamkataza kuinua kitu kizito kuliko birika, na kutoka siku hiyo akawa fundi wa kutazama. Ufunguo akampa binti yake, na binti akaligeuza gari kuwa kazi: alipakia watu na mizigo, akaendesha mwenyewe hadi kule juu ambako lami haijafika. Watu wakamwita Dereva, na jina likamganda hata nyumbani.

Mume wa Dereva naye alikuwa fundi. Walimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mteja mwenye haraka. Alikuja kuoa, akabaki kufanya kazi kwenye karakana ya mabati iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wakwe zake, kwa spana zilezile za baba mkwe. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, isipokuwa mwenye spana.

Ndipo giaboksi ya gari ikafa. Ilikuwa imechoka siku nyingi, ikitoa gia kama mtu anayetoa siri kwa kulazimishwa, na asubuhi moja ikakataa kabisa. Ya aina ileile haikupatikana. Taratibu akazunguka kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, akarudi na giaboksi ya gari jingine kabisa, ngumu, yenye gia moja zaidi. Mzee Spana aliizunguka pale chini, akaigonga kwa kidole gumba, akasema tu, "Haya."

Kazi ngumu haikuwa giaboksi yenyewe, ilikuwa transfa. Gari la kupanda milima lina boksi jingine dogo nyuma ya giaboksi, ndilo linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mafundi huliita transfa. Transfa ya zamani ilikuwa nzima, lakini haikuwahi kuonana na giaboksi ile mpya. Matundu ya bolti hayakukutana. Taratibu akapima, akachora, akapeleka mchoro kwa mkereza vyuma, akatengenezewa sahani nene ya chuma ya kukaa katikati ya hizo mbili. Shafti ya giaboksi ilitakiwa ipite katikati ya sahani, meno yake yaingie ndani ya transfa na kushikana na meno ya huko. Yakishikana, gari linatembea.

Mchana wa kazi, Mzee Spana alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, fimbo katikati ya magoti. Taratibu alikuwa chini ya gari, transfa imekaa juu ya jeki. Alipaka grisi kwenye meno yote ya shafti, akaisukuma transfa mbele mpaka ikagusana na sahani, halafu akairudisha nyuma kidogo, maana bolti moja ilikuwa imejipinda.

Shafti ikabaki wazi, na Mzee Spana akaiona.

Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Grisi ilikuwa imekwanguka pale tu ambapo meno yalikutana na meno wenzake, yaani kwenye ncha. Upana wa ukucha. Sehemu nyingine yote ya shafti ilikuwa bado imejaa grisi, nene, haijaguswa na kitu. Sahani ilikuwa nene mno, au shafti fupi mno. Vyovyote vile, meno hayakuwa yameingia. Taratibu naye aliitazama ncha ile, akajikuna kidevu na kuacha alama nyeusi.

Mzee Spana akafungua mdomo.

Wakati huohuo Dereva akatokea jikoni na jagi la maji. Akachuchumaa kando ya gari, akamfuta mumewe uso kwa upindo wa nguo yake, akacheka kwa kuona alivyochafuka.

"Fundi wangu," alisema. "Umeshinda huko chini tangu asubuhi. Kunywa kwanza."

Ni maneno mawili tu. Lakini maneno hayo yalikuwa na mwenyewe. Huyu binti alipokuwa hajafika hata urefu wa tairi, alikuwa akitoka shule na kuja moja kwa moja hapa, anachuchumaa hivyohivyo, anachungulia chini ya gari na kusema, "Fundi wangu, shikamoo." Mzee Spana hakujua kuwa bado anayatunza. Alijua pale alipoyasikia yakienda kwa mtu mwingine.

"Baba, na wewe unataka maji?" Dereva akauliza.

"Sina kiu."

Akafunga mdomo. Moyoni alijiambia kuwa si kazi yake kumfundisha mtu ambaye hajaomba kufundishwa. Taratibu akanyoosha bolti, akaisukuma transfa mahali pake, akakaza. Kila bolti iliyokazwa, mzee aliisikia kwenye kiuno chake.

Alitegemea gari lingekwama hapohapo langoni. Aliliona jambo lenyewe waziwazi: mlio, gari linasimama, majirani wanatoa vichwa madirishani, kijana anatoka chini anafuta mikono na kusema, "Baba, hebu njoo uangalie." Na yeye angenyanyuka taratibu, kwa heshima zake zote, angeangalia, angesema.

Gari halikukwama. Liliondoka kama limepakwa mafuta, likazunguka mtaa, likarudi. Dereva akashuka akampiga mumewe begani. "Linavuta kuliko zamani! Kuliko zamani, nakwambia." Mama, mke wa Mzee Spana, akatoka na kupiga vigelegele kidogo, nusu mzaha nusu kweli. Mzee Spana akasema, "Tutaona."

"Tutaona nini, Baba?" binti akauliza.

"Gari ni safari."

Wiki zikapita, gari likawa linakwenda na kurudi. Habari zikasambaa kuwa yupo fundi anayeozesha giaboksi ya gari hili kwa transfa ya gari lile. Wateja wakaanza kuja. Mmoja, mwanamume wa viatu vinavyong'aa, alimkuta Mzee Spana amekaa kwenye ndoo yake langoni.

"Mlinzi," alisema, "fundi yupo?"

Mzee Spana alimtazama. Halafu akanyoosha fimbo kuelekea ndani. Yule mtu alipotoka, akiwa amefurahi, alimwekea noti mkononi, akamkunjia vidole juu yake kama anavyokunjiwa mtoto. "Ya soda, mzee wangu."

Aliitia mfukoni, na jioni akaikuta bado imo. Hakuweza kuitumia wala kuitupa.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakihama kimyakimya. Kiti chenye mikono, kilichokuwa chake, siku moja alikikuta kimekaliwa. Taratibu alinyanyuka haraka, akasema, "Samahani, Baba," lakini Mama akasema, "Kaa tu mwanangu, umechoka. Mzee atakaa hapa," akimwonyesha kigoda. Kama lilikuwa kosa, lilikuwa la upole, na makosa ya upole ndiyo yasiyo na pa kulalamikia.

Kila gari liliporudi, alisikiliza. Kuna siku, Dereva aliporudisha gari nyuma kuliingiza uani, alisikia kitu. Tik. Kidogo sana, kama mtu anayegonga ukucha kwenye kikombe. Hakuna mwingine aliyesikia. Siku iliyofuata, tik, tik. Alijua ni nini. Ile ncha ilikuwa inaliwa.

Angeweza kusema wakati huo. Lakini angeanzaje? Akisema leo, wangemwuliza kwa nini hakusema jana. Kila siku iliyopita iliongeza bei ya neno lile, mpaka likawa neno ambalo hana uwezo nalo. Na tusimpambe: chini ya woga wake kulikuwa na kitu kingine, kilichokuwa kikisubiri ile siku ya gari kukwama langoni kwa hamu ya mtu anayesubiri mgeni.

Habari ya mnara ililetwa mezani jioni, wakiwa wanakula.

"Nimepata kazi ya watu wa simu," Dereva alisema, akiwa hajakaa hata sawasawa. "Kule kileleni, kwenye mnara. Betri mpya zote zinapanda. Wamejaribu magari mawili yameshindwa. Tukiwapandishia hizi vizuri, mwaka mzima kazi ya mnara ule ni yetu."

"Betri za mnara," Taratibu alisema. "Zile nzito kama makaburi?"

"Hizohizo. Kwani wewe una wasiwasi na giaboksi yako?"

Taratibu alitabasamu, akaokota punje iliyoanguka mezani. "Taratibu tu. Panda taratibu."

Mzee Spana aliacha kutafuna. Aliijua njia ile. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Gari lenye mzigo likiacha kuvuta pale katikati, injini haikusaidii tena; unabaki na breki peke yake, na nyuma yako uzito unaotaka kushuka.

"Usiende," alisema.

Wote wakamtazama.

"Kwa nini, Baba?"

"Mimi nimesema usiende."

"Nimesikia umesema. Nimeuliza kwa nini."

"Hilo gari halijazoea mzigo kama huo."

"Gari lile?" Dereva akacheka. "Baba, wewe ulilipandisha na jenereta! Hadithi hiyo tumeisikia mpaka tunaijua na mahali pa kukohoa."

"Wakati ule lilikuwa gari langu. Lilikuwa na giaboksi yake."

Pale ndipo alipokosea. Taratibu akaweka kijiko chini kwa upole wake wote. "Baba, kama kuna kitu hukipendi kwenye kazi yangu, niambie."

Ulikuwa mlango ulioachwa wazi kabisa. Mzee Spana aliuona. Lakini kijana aliyeufungua alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, na binti alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

"Mimi ni mlinzi tu," mzee alisema. "Fundi ni wewe."

Dereva akanyanyuka na sahani yake. "Kila siku ni hivi. Akisifiwa mwingine, wewe chakula hakishuki. Unajua inavyonichosha, Baba? Kesho asubuhi ninaondoka. Mwenye kuniombea aniombee."

Aliondoka alfajiri iliyofuata, apitie kwanza depo kupakia betri na kuwachukua mafundi wawili wa mnara. Mama alikuwa anafagia uani alipomwona mumewe amesimama pale ambapo gari hulala, ametazama chini. Kulikuwa na tone la mafuta ardhini. Ndani ya tone, akiinama kadiri kiuno kilivyomruhusu, aliona vumbi la chuma, jembamba, linalometameta.

"Umeangusha nini?" Mama aliuliza.

"Mama nanihii," alisema. Alipomwita hivyo Mama alijua jambo ni zito, maana siku zote alimwita "wewe". "Lile gari litamwacha njiani."

"Acha maneno ya jana."

"Siku ya kufunga transfa niliona. Meno hayakuingia. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza."

Mama aliacha kufagia. Hakupiga kelele. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu kiasi kwamba alijua anaposema kweli: sauti yake hushuka badala ya kupanda.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Alimwita fundi wangu."

Kwa muda, Mama hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

"Na sasa umesimama hapa unafanya nini?" alisema. "Simu hapokei akiendesha, unamjua. Atajaza mafuta kituo cha mwisho kabla ya mlima. Ondoka! Unasubiri nikubebe?"

Kwenye kona palikuwa na vijana wa pikipiki. Mzee Spana, aliyekatazwa na daktari kuinua kitu kizito kuliko birika, alipanda nyuma ya pikipiki ya kwanza na kumwambia kijana aende mpaka amwambie basi. Kijana alimwonea huruma, akaanza kwa mwendo wa harusi. "Kimbiza!" mzee akamfokea sikioni. "Mimi si mayai!" Kila shimo la barabara lilipanda kutoka kwenye tairi hadi utosini mwake. Kiatu kimoja kilichomoka, hakugeuka kukitazama.

Gari lilikuwa kwenye pampu. Betri zimefungwa kwa kamba nyuma, springi zimelala, mafundi wa mnara wameegemea bodi wakinywa soda. Dereva alimwona baba yake akishuka, ameshika kiuno, mguu mmoja mtupu, akamkimbilia.

"Baba! Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima." Alihitaji kupumua kwanza. "Usipande na gari hili."

Uso wa binti ukabadilika, hofu ikatoka, hasira ikaingia. Akashusha sauti kwa ajili ya wateja. "Umepanda pikipiki na kiuno hicho kuja kunionea wivu mpaka huku?"

"Ndiyo," alisema Mzee Spana. "Nina wivu. Na meno hayajaingia."

"Meno gani?"

"Ya shafti. Yanayoingia kwenye transfa. Yameshika kwa ncha. Hivi." Alimwonyesha ukucha wake.

"Umejuaje, na ilishafungwa?"

"Niliona kabla haijafungwa. Siku ile ulipoleta maji."

Kijana wa pampu, aliyekuwa ameshika mpira wa mafuta, alijifanya anahesabu nambari kwenye mashine. Mafundi wa mnara hawakujifanya kitu, walisikiliza wazi.

"Uliona," Dereva alisema. "Ukaniacha nikaendesha wiki zote hizi. Na watu nyuma."

"Nilikuacha."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Hapana, unasema hivi ili nimwone mume wangu hafai. Hata wewe huwezi kufanya jambo kama hilo."

Mzee Spana alitamani kweli binti yake abaki na imani hiyo. Ingekuwa rahisi. "Jaribu hapahapa," alisema. "Vuta breki ya mkono, kanyaga na ya mguu. Gia ya kwanza. Mafuta kidogo, uachie klachi. Kama mimi ni mwongo, injini itazima. Lazima izime, maana gari limeshikwa."

Dereva alisogeza gari mbali na pampu, akafanya hivyo. Breki zote mbili, gia ya kwanza, akaachia klachi.

Gari liliruka kidogo kama lenye kwikwi. Chini yake kukatoka mlio wa chuma kinachosagana, mrefu, wa kutia ganzi kwenye fizi. Kisha mlio ukaisha, na injini ikaendelea kunguruma kwa raha zake. Haikuzima. Dereva aliondoa mguu kwenye breki, akashusha breki ya mkono, akaongeza mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likabaki palepale. Meno yalikuwa yamekwisha.

Alizima injini, akabaki ameshika usukani, akiangalia mbele, mlima ukiwa mbele yake.

Fundi mkubwa wa mnara alikuja dirishani. Alikuwa mtu wa adabu. "Dada, tunashukuru Mungu imetokea hapa. Lakini sisi betri lazima zipande leo." Na tayari alikuwa na simu sikioni, akiita gari jingine. Betri zikahamishwa moja moja mbele ya watu wote. Hakuna aliyezungumzia tena kazi ya mwaka mzima. Gari tupu likasukumwa pembeni, karibu na bomba la upepo, na Mzee Spana alipoweka mkono wake kwenye bodi kusaidia, Dereva alisema bila kumtazama, "Wewe usisukume." Hakumtajia kiuno.

Taratibu alikuja na kamba na gari la kuazima, wakalivuta mpaka nyumbani. Hakuuliza chochote njiani. Alilala chini ya gari, akafungua bolti zake mwenyewe, akaishusha transfa. Ncha ya shafti ilitoka laini, ya mviringo, kama penseli iliyochongwa. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa ya rangi ya fedha.

Dereva alikuwa amesimama kando, Mzee Spana kwenye ndoo yake. Mama alikuwa mlangoni.

"Baba aliliona hili siku ya kwanza," Dereva alisema. "Nataka ulijue."

Taratibu alitoka chini ya gari, akakaa chini, magoti juu. Alikuwa akifuta mikono yake muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilimwona anaona. Nilimwona amefungua mdomo." Alimtazama mzee kwa mara ya kwanza. "Mimi mwenyewe nilikuwa na shaka na ile ncha. Nikasema moyoni, akisema kitu, nitafungua. Akinyamaza, basi inatosha."

"Kwa nini hukuuliza?" Dereva alisema. "Ana mdomo, una mdomo."

Taratibu, mtu asiyepandisha sauti, alipandisha. "Nimwulize tena? Tangu nije hapa, nikishika spana unaniambia baba alikuwa anaishika hivi. Nikikaza nati, baba alikuwa anaweka na rangi ili isilegee. Nikakaa nikasema kazi moja, moja tu, niifanye bila Baba. Mara ile ulipokuja na maji ukaniita fundi wako..." Akakomea hapo, akatupa kitambaa.

Mzee Spana alihisi kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote akakuta haukuwa umefungwa. Wakati wote ule alidhani kijana ana kila kitu.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatazamana," Dereva alisema polepole. "Huyu anangoja yule aseme, yule anangoja huyu aulize. Kila mtu na utukufu wake. Na aliyekuwa anaendesha ni mimi."

Mama, pale mlangoni, alisema, "Chakula cha leo, mwenye njaa aje achukue mwenyewe," akaingia ndani.

Dereva akatoa simu. Wanaume wote wawili walimsikia akizungumza na Mnene, fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye Mzee Spana hakuwahi kumkopesha hata bisibisi. "Ndiyo, leo. Njoo ulivute. Ndiyo, na transfa yake. Hapana, hawapo safarini. Wapo hapa."

Karakana ya Mnene ilikuwa na sakafu ya saruji, kipande cha kivuli, na benchi la wateja chini ya kalenda ya zamani. Sahani nyembamba zaidi ilikerezwa, shafti ikapatikana nyingine. Siku ya kufunga, Mzee Spana alifika akiwa na fimbo yake, akamkuta Taratibu ameshatangulia, amesimama langoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mnene alipowaona alifurahi furaha ya mtu aliyeokota pesa. "Karibuni, karibuni! Wateja wanakaa pale," akawaonyesha benchi. Wakakaa, kila mmoja mwisho wake.

Dereva alikuwepo, amevaa koti la kazi, haondoki kando ya gari. "Kabla hujakaza chochote, niite," alikuwa amemwambia Mnene, na Mnene alikuwa akimwita kwa kila jambo, akianza kuchoka. Alipaka grisi, akasukuma, akarudisha. Dereva akaingiza mkono wake mwenyewe, akapitisha kidole kwenye shafti kutoka ncha hadi shinani. Grisi ilikuwa imekwanguka yote. Alikiangalia kidole, akatikisa kichwa kukubali.

Mnene akaisukuma transfa mahali pake na kuchukua spana.

Kwenye benchi, Mzee Spana alijinyoosha mbele. Alitazama chini ya transfa, akatazama tena. Aligeuza kichwa, akakutana na macho ya Taratibu, naye alikuwa akitazama palepale.

"Umeona?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona, Baba."

"Utasema au niseme?"

"Sema wewe. Nitakuunga mkono."

Mzee Spana akajishikiza kwenye fimbo, akasimama.

"Fundi, samahani," alisema. "Hiyo transfa iwekee mguu wa kuishikilia kwa chini kwanza. Ukiiacha ining'inie kwenye sahani peke yake, siku moja kwenye mawe sahani itapasuka."

Mnene aligeuka, spana mkononi. "Mzee, leo si umekuja kama mteja?"

"Anasema kweli," Taratibu akasema kutoka kwenye benchi. "Mimi sikuiwekea. Lilikuwa kosa langu la pili."

Mnene akamtazama mwenye gari. Dereva hakumtazama baba yake, wala mumewe. Alipiga magoti kwenye saruji, akainamisha kichwa mpaka chini, akachungulia ile nafasi iliyokuwa wazi chini ya transfa, akachungulia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Iwekee," alisema.

Kisha, akiwa bado amepiga magoti, mgongo umewaelekea: "Nyie kaeni."

Mzee Spana akarudi. Mteja mwingine alikuwa ameshakaa mwisho wa benchi, mahali pake, na ufunguo wa gari mkononi. Taratibu akasogea, na mzee akajibana hapo katikati, bega lake kwenye bega la mkwewe, wakaangalia wakati mguu ule unafungwa.